Safi na Fifi

Tiketi alinipa Tamsin wa ofisi ya pili,
mafua yalimlaza. "Nenda wewe," akasema,
"kuna chakula cha bure." Nami kwa cha bure
sijambo.

Manchester, Alhamisi, mvua ile isiyonyesha wala kuacha.
Ghala la matofali mekundu, ghorofa tano.
Mlangoni kijana akanivisha kadi shingoni
yenye jina la Tamsin. Basi nikawa Tamsin.
Kila aliyenisalimu alisoma kifua changu kwanza,
akapanda usoni, akashuka tena kuhakiki.

Ndani, giza la samawati, ngoma za spika mbavuni,
na jukwaani saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma:
dakika tano kila mmoja, kampuni kumi na tisa
zilizozaliwa juzi, nyingine kitovu hakijakauka.

Wa kwanza anauza programu ya kukukumbusha kumpigia mama.
Wa pili anauza usingizi, kwa mwezi, kwa kadi ya benki.
Gethin, soksi za rangi ya machungwa,
anasema kila kitu chake kiko kwenye wingu;
alisema wingu mara kumi na moja, nilihesabu,
nikatazama juu: boriti za chuma, ndoano za zamani,
na kibao cha shaba kinachoeleza
kwamba hapa ndipo yalipopandishwa marobota ya pamba.

Pamba!
Nikasimama hapo hadi kahawa ikapoa.
Babu Luhende, Kwimba, msimu mzima kainama,
vidole vimechanwa na maganda ya vitumba,
halafu karani wa chama anachota kiganja kimoja,
anakipuliza, hamtazami usoni:
hii safi. Hii fifi. Hii fifi. Hii fifi.
Na mawe ya mizani yalikuwa na tabia zake.

Leo safu ya mbele wamekaa makarani wengine,
viatu vyeupe, magoti yamepandana,
wanachota kiganja cha maneno, wanapuliza.
Kitu ambacho bado hakipo kikatajiwa pauni milioni nne
na hakuna aliyecheka.
Sisemi ni wizi. Babu alileta mzigo
akaambiwa hauna thamani; huyu kaleta thamani,
mzigo utafuata.
Labda ndiyo maendeleo. Mimi ni mhasibu,
najua kujumlisha, kuota sijui.

Wa kumi na nne, Ruksana wa Oldham, sauti inatetemeka.
Kidude chake kama kipande cha sabuni: ukikibandika ukutani
kinanusa ukungu kabla haujatoa madoa,
kabla mtoto hajaanza kukohoa usiku.
Akakibandika. Kwenye skrini kubwa kama nyumba
kaduara kakaanza kuzunguka.
Kakazunguka.
Saa nyekundu haina shangazi.
Akaipa skrini mgongo, akaiacha izunguke peke yake,
akasimulia chumba cha dada yake: godoro
limevutwa katikati, mbali na kuta zote nne,
na mtoto analala kwa kukaa.
Makarani walikuwa wameshainamia simu zao.
Makofi yakatoka, ya adabu, membamba.

Tuzo alipewa muuza usingizi.

Saa kumi na mbili jioni, kituo cha basi,
begi la bure begani (pamba asilimia mia, lasema;
ya nani, halisemi),
namkuta Ruksana na sandwichi ya mayai
aliyoifunga kwenye karatasi ya ratiba.
"Wewe ulikuwepo, Tamsin." Kadi nilikuwa sijaivua,
na sikumsahihisha.
Akakitoa kile kipande cha sabuni, akakibandika
kwenye kioo cha kibanda kinachovuja.
Taa ikawaka papo hapo, mwana wa haramu yule:
unyevu, asilimia tisini na saba.
Tukacheka hadi bwana mmoja akasogea pembeni.

Nikakipokea, nikakilaza kiganjani,
nikakipuliza, sijui kwa nini.
"Safi," nikasema.
"Saaf?" akaitika, kwa lugha ya mama yake,
na basi likaja, limejaa, likapita.